Matokeo ya testi tunayo, ila tukikaa idara tunaishia kulaumiana. Kwenu mnafanyaje?

mwl_wa_namba

Habari wadau, hasa walimu wenzangu. Kuna jambo linaninyima raha naomba tusaidiane mawazo.

Nafundisha Hisabati sekondari ya kata huku Kanda ya Ziwa. Kidato cha pili tuna mikondo minne, A mpaka D, watoto wanakaribia 280, na walimu wa Hisabati wa kidato hicho tuko watatu tu, mimi ndo nina C na D. Kila baada ya wiki kama sita tunatoa testi moja ya pamoja, tunasahihisha, tunaingiza maksi kwenye Excel, inatoka wastani wa kila mkondo na nafasi ya kila mtoto, karatasi inaenda ofisi ya taaluma, basi imeisha. Afu tunaitwa kikao cha idara. Kikao chenyewe kinaendaga hivi: mkondo A wana 41, B 33, C 36, D 29, haya mwalimu wa D eleza. Naeleza, watoro wengi, msingi mbovu toka primari, vitabu vichache, wenzangu wanaangalia chini, mwisho tunaandika kwenye muhtasari "tumekubaliana kuongeza juhudi" na tunatoka. Testi inayofuata ni yale yale.

Juzi usiku nimekaa na ile karatasi nyumbani nikagundua kitu kikanisikitisha sana. Mtu akiniuliza watoto wako wa D hawajui NINI, siwezi kumjibu. Najua wana 29. Ila 29 ya nini? Hawajui sehemu? Hawajui milinganyo? Hawaelewi swali lenyewe? Sijui, na nimesahihisha mwenyewe kwa mkono wangu.

Sasa naomba kujua wenzangu mkikaa na matokeo kama idara mnaangalia nini hasa, mnaanzia wapi, na mnafanyaje mpaka mwalimu asijione yuko kizimbani. Upimaji wa taifa wa kidato cha pili unakuja na mimi sitaki tena kuingia kwenye kile kikao na sababu, nataka niingie na kitu cha kufanya.

bibi_chaki

Mwalimu wangu pole, na hilo swali la "29 ya nini" lishike hivyo hivyo usiliache, maana hapo ndo pa kuanzia na idara nyingi hazijawahi kufika hapo.

Mimi nipo kwenye Hisabati mwaka wa 14 sasa na kilichotubadilisha sisi ni kitu kidogo sana, tuliacha kusahihisha kwa mkondo tukaanza kusahihisha kwa swali. Yani badala ya kila mtu kubeba marundo ya darasa lake, mmoja anachukua swali la 1 mpaka la 3 kwa mikondo YOTE, mwingine la 4 mpaka la 6, hivyo hivyo mpaka mwisho, kama wanavyofanya kwenye usahihishaji wa mitihani ya taifa. Faida ni mbili. Kwanza hakuna tena habari ya fulani anasahihisha kwa huruma na fulani ana mkono mgumu, swali moja limepita kwa jicho moja. Pili, na hii ndo kubwa, ukisahihisha swali moja mara 280 unaanza kuona kosa linajirudia, jambo ambalo ukisahihisha karatasi nzima nzima hulioni kabisa kwasababu akili inaruka kila dakika.

Nikupe mfano wa kweli. Tulikuwa na swali la kurahisisha 3(x − 2) − 2(x − 5). Jibu ni x + 4. Mimi ndo nilikuwa nalo hilo swali, nikaanza kukutana na x − 16, tena x − 16, tena x − 16. Ukiiona mara moja unasema huyu mtoto mzembe, ukiiona mara tisini ujue sio uzembe, kuna kitu tumekifundisha vibaya au hatukukifundisha. Wanazidisha −2 na x vizuri wanapata −2x, wakifika kwa −5 wanasahau kwamba alama ya kutoa inaingia nayo ndani ya mabano, wanaandika −10. Sasa sikia, kwenye mkondo B kosa hilo halikuwepo karibu kabisa, wanne watano tu. Tukamuuliza mwenzetu wa B wewe uliwafundishaje, akasimama ubaoni akatuonyesha, yeye kabla hajafungua mabano anawaandikisha kwanza + (−2)(x − 5), afu anachora mishale miwili kutoka kwenye −2, mmoja kwenda kwa x mwingine kwenda kwa −5. Dakika kumi tu. Wiki hiyo wote tukarudia kwa njia yake, Ijumaa tukatoa maswali matatu ya aina ile ile, robo saa tu. Watoto wengi walikuwa wamevuka.

Hicho kikao hakikuwa na neno "eleza" hata mara moja. Na yule wa B wala hakuwa ndo mwenye wastani mkubwa.

Kwaiyo jaribu hivi, chukua karatasi ya manila, chora safu kwa kila swali, na kwa kila swali hesabu vitu vitatu: waliopata, waliojaribu wakakosa, na walioacha wazi. Hawa wa mwisho wawe na safu yao peke yao tafadhali usiwachanganye na waliokosa. Aliyekosa amekuonyesha anavyofikiri, unaweza kumshika hapo hapo alipopotelea. Aliyeacha wazi hajui pa kuanzia au hajaelewa lugha ya swali, dawa yake ni nyingine kabisa. Afu ingia kwenye tovuti ya NECTA, Baraza la Mitihani, kuna zile taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zipo kwa kila somo, wanachambua swali kwa swali na wanabandika hadi picha za majibu mazuri na mabovu, mada wanazipaka rangi kijani, njano na nyekundu. Nyekundu ni zile ambazo waliofikia walau 30 kwa mia ni chini ya theluthi hivi. Linganisha nyekundu zao na zenu, utashangaa watoto wako wanakosea pale pale nchi nzima inapokosea.

Mgosi_wa_milimani

Bibi chaki nakuheshimu sana ila tuwe wakweli, mimi nina vipindi 26 kwa wiki, ni mwalimu wa zamu kila baada ya wiki tatu, nasimamia na bwalo. Watoto 280 mara maswali 10 hayo ni majibu 2800 ya kuhesabu moja moja. Nani ana huo muda? Mambo mazuri ila walimu tunakufa na makaratasi, tukimaliza hiyo tally kuna fomu nyingine inasubiri. Sikatai, nauliza tu inawezekanaje kwa mtu wa kawaida.

bibi_chaki

@Mgosi_wa_milimani swali halali kabisa. Kama mnasahihisha kwa swali hiyo tally haikuongezei kazi, unapiga vijiti pembeni wakati unasahihisha, ukimaliza rundo umemaliza na hesabu. Kama bado mnasahihisha kwa mkondo basi usichukue zote, chukua karatasi 10 kila mkondo, 3 za juu, 4 za kati, 3 za chini, mikondo minne unapata 40. Walimu watatu mezani mnazimaliza chini ya saa moja. Hautapata namba ya kupeleka wizarani lakini kosa linalojirudia utaliona, na hilo ndo unalitafuta. Sisi x − 16 tungeiona hata kwenye hizo 40.

Na usichambue maswali yote 10. Chagua mawili au matatu yaliyoumiza zaidi. Mkichambua yote mtatoka na orodha ndefu ambayo hakuna atakayeifanyia kazi, nimeshapita huko.

mwl_wa_namba

Asanteni sana aisee, hii ya kusahihisha kwa swali sijui kwanini hatukuifikiria. Ila kuna kitu bado kinanipa shida. Huku kwetu wastani wa kila mwalimu unasomwa mbele ya staff nzima, na kuna wakati unabandikwa. Sasa nikienda kusema "watoto wangu swali la 7 wameacha wazi wote" si nimejipeleka mwenyewe? Mwenzangu wa A hana sababu ya kukubali huu utaratibu, yeye anasifiwa kila siku.

taaluma_wa_zamani

Mwalimu hapo umegusa penyewe. Nimekaa ofisi ya taaluma miaka 11 katika shule tofauti, niseme nilichokiona.

Shule moja niliyofanya kazi (siitaji) waliamua kubandika orodha ya walimu kwa wastani, wa kwanza mpaka wa mwisho, kwenye ofisi ya walimu. Nia haikuwa mbaya, walitaka kuamsha ari. Ndani ya mihula miwili wastani ulipanda kwelikweli, kila mtu akafurahi, mimi mwenyewe nilifurahi. Matokeo ya taifa yakaja hayajasogea. Kufuatilia tukakuta walimu walishaanza kutunga maswali mepesi, wengine wanapitia maswali yale yale na watoto jana yake, wengine wanagawa maksi za nusu nusu kwenye majibu yasiyo na kitu. Siwalaumu. Mwalimu akijua namba itatumika kumwaibisha ataitengeneza namba, na sisi ofisini tukawa tunakaa na takwimu safi ambazo hazisemi chochote kuhusu mtoto. Yani tulijifunga macho wenyewe, na watoto ndo walilipa.

Kuna mambo ningependa mkuu wako wa shule ayasikie, tena umwendee KABLA ya kikao sio ndani ya kikao, mbele za watu hawezi kukubali hata kama ameelewa.

Hiyo tofauti ya 33 na 36 kati ya B na C haina maana yoyote. Testi ya maswali kumi, watoto sabini, pointi tatu zinaweza kutoka kwa watoto wachache waliokuwa wagonjwa siku hiyo au msahihishaji mwenye mkono mwepesi. Na kama mikondo imepangwa kwa matokeo ya darasa la saba, yani A ndo waliokuja na alama nzuri, basi kulinganisha A na D ni kulinganisha walivyokuja, sio walivyofundishwa. Linganisha D na D yenyewe, testi hii na iliyopita, kwenye mada zile zile.

Afu wastani unaficha sana. Mkondo wenye nusu ya watoto wana 60 na nusu wana 6, wastani 33. Mkondo ambao kila mtoto ana 33, wastani 33. Kwenye karatasi ya taaluma wanafanana, darasani hawa wa kwanza nusu yao wamepotea kabisa na wale wengine wote wanahitaji kusukumwa kidogo tu. Ukienda na mpango mmoja kwa madarasa hayo mawili umekosea yote mawili.

Tulichokubaliana baadaye kwenye shule nyingine, na kilifanya kazi, ni kwamba kwenye meza ya idara yanakuja MASWALI sio majina ya walimu. "Swali la 7 limeachwa wazi na wengi", tunaanzia hapo. Mkondo unatajwa pale tu ambapo mmoja umefanya vizuri na tunataka kujua mwalimu wake alifanyaje. Na karatasi ya uchambuzi inabaki idarani haiendi kwenye ubao wala kwenye tathmini ya mtu. Mkuu wa shule anapewa ukurasa mmoja tu, tumeona tatizo gani, tutafundisha upya nini, tutapima lini. Wakuu wengi wakipewa hicho wanaridhika maana wao nao wanaulizwa na afisa elimu wanafanya nini, wanakuwa na jibu.

Muda wa kikao msiombe mpya. Mnayo ile ya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini), yani Jumuiya za Ujifunzaji (JzU), mnatakiwa kukaa hata hivyo. Kaeni na karatasi za watoto mezani ndo iwe ajenda, badala ya kusomeana moduli.

mama_wa_KKK

Naomba kuchangia kutoka primari, Dodoma huku, maana nyie sekondari mnapokea tulichokipika.

Sisi tulidanganywa na wastani vilevile. Darasa la tatu Kiswahili wastani 27 kati ya 50, hiyo ni C, hakuna aliyeshtuka. Siku moja mwenzangu akasema hebu tuwasomeshe mmoja mmoja tuone. Tukatumia njia inayofanana na ya Uwezo, wale wanaopima watoto kusoma na kuhesabu, mtoto unampa herufi, akiweza silabi, akiweza neno, aya fupi, mwisho hadithi, dakika tatu nne kwa mtoto. Tulichokiona nilienda kulia chooni sio utani. Kuna watoto walikuwa na zaidi ya 20 kwenye mtihani na hawawezi kusoma NENO. Maswali ya kuchagua mtoto anabahatisha, anaangalia kwa mwenzake, anapata C na anaenda darasa la nne.

Walimu watatu tukakubaliana kitu, kila siku dakika 45 za mwanzo hakuna darasa la tatu A wala B wala C, kuna kundi la herufi na silabi, kundi la neno na aya, kundi la hadithi. Kila mwalimu anachukua kundi moja kutoka mikondo yote. Hii njia ya kuwapanga kwa wanachokiweza badala ya darasa walilopo ilianzia India kwa shirika la Pratham, siku hizi ipo nchi nyingi Afrika. Makundi tuliyaita majina ya miti, mbuyu, mwembe, mkuyu, ili mtoto asijue kirahisi yupo la chini, japo watoto wanajua tu, tusijidanganye, ila haijawa matusi. Na kila baada ya wiki nne tunawasomesha tena, anayevuka anahama. Hiyo ya kuhama ndo roho ya kitu chenyewe. Kundi ambalo mtoto hahami limekuwa gereza.

Na kwa ile habari ya kulaumiana, ilikufa yenyewe, maana hakuna tena "watoto wangu" na "watoto wako". Mtoto wa mkondo wangu anafundishwa kusoma na mwenzangu, tukikaa tunaongea kuhusu Fulani amevuka au hajavuka. Mwl wa namba nadhani hata kwa Hisabati mnaweza, siku moja kwa wiki tu, walioshindwa sehemu waende kwa mmoja, wa aljebra kwa mwingine.

mwalimu_wa_insha

Salaam kutoka Mombasa. Mada hii inatuhusu sote, nami nafunza Kiswahili sekondari.

Nataka niongeze jambo moja ambalo kwenye Hisabati halionekani sana lakini kwetu wa lugha ni donda. Kabla hamjajadili alama hakikisheni alama zenyewe zina maana moja. Sisi insha ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne wa Kenya, inasahihishwa kwa alama 20, na viwango vyake vinajulikana, D ni 01 hadi 05, C 06 hadi 10, B 11 hadi 15, A 16 hadi 20. Tukachukua insha moja ya mwanafunzi, tukaitoa nakala, walimu wanne tukaisahihisha kila mtu kivyake. Tukapata 8, 11, 12 na 15. Mtoto yule yule, karatasi ile ile, kwa mwalimu mmoja yuko C na kwa mwingine yuko ukingoni mwa A! Na sisi muhula mzima tulikuwa tukilinganisha mikondo kwa alama hizo.

Sasa kabla ya kila mtihani tunasahihisha insha tatu pamoja kwa sauti, kila mtu anasema ametoa ngapi na kwa nini, tunabishana mpaka tunakaribiana. Ubishi huo ndio mafunzo bora niliyowahi kupata tangu nitoke chuoni, kwa sababu unalazimika kusema insha nzuri ni ipi, na ukishaweza kuisema kwa mwenzako unaweza kuisema kwa mwanafunzi.

Na walimu wa Hisabati na Sayansi huku wanaikumbuka SMASSE, mradi wa kuimarisha ufundishaji wa Hisabati na Sayansi, ulioanza 1998 kwa ushirikiano na Wajapani. Kilichobaki kwetu kutoka kwa Wajapani ni ule utaratibu wa kuandaa somo moja pamoja, mmoja akafunza, wengine wakakaa nyuma wakawatazama wanafunzi, si mwalimu. Mkishapata swali lililowashinda wanafunzi kwenye ile manila ya bibi chaki, hilo ndilo somo la kuandaa pamoja. Data inawaonyesha wapi, lakini namna ya kufunza haimo ndani ya data, lazima muende darasani.

kijana_wa_divisheni

Mi naona mnazunguka sana wakuu. Data inatakiwa itumike kimkakati. Tafuteni watoto wenye 24 mpaka 29, hao ni F ila wamebakiza pointi chache wafike 30 wapate D. Watengenezeeni kambi yao, wapeni maswali marahisi yanayojirudia kila mwaka. Wale wa 5 na 8 hata mkiwakesha hawatafika, na wa juu wanajiweza. Ufaulu wa somo unapanda haraka na hakuna wa kukusumbua. Kitaifa Hisabati kidato cha nne kwa miaka mingi ufaulu umekuwa ukicheza karibu na robo ya watahiniwa au chini, sasa ukiwavusha hao tu umeshawapita wengi.

mama_wa_KKK

@kijana_wa_divisheni mwanangu nakuelewa unakotoka, shinikizo la ufaulu tunalijua wote. Ila hao wa 5 na 8 ndo wale waliokuwa kwangu hawajui kusoma neno na nikawapitisha. Walishaachwa mara moja. Ukiwaacha tena kidato cha pili unawaacha kwa mara ya pili na safari hii hakuna wa kuwaokota. Mimi siwezi.

taaluma_wa_zamani

Na hata kwa hesabu za ufaulu tu haifai. Mtoto wa 27 uliyemkaririsha maswali mawili anapata 31 kidato cha pili, kidato cha tatu anarudi palepale kwa sababu hajui kufungua mabano. Kosa la x − 16 linamfuata mpaka kwenye kila mada yenye aljebra. Ukilitibu hilo kosa umemsaidia wa 8, wa 27 na wa 55 kwa kipindi kimoja. Ndo maana tunasema anza na kosa, usianze na mtoto yuko kwenye alama ngapi.

kijana_wa_divisheni

Sawa nimewaelewa. Hiyo ya kosa moja kuwagusa wote sikuiangalia hivyo. Ila wenye maamuzi nao waelewe maana sisi ndo tunaulizwa asilimia.

mwl_wa_namba

MREJESHO baada ya wiki saba.

Samahani kwa kukaa kimya, nilitaka nirudi na kitu cha kweli. Nilienda kwa mkuu wa shule peke yangu kama alivyoshauri taaluma wa zamani, nikamwonyesha manila ya zile karatasi 40, nilizihesabu mwenyewe jumamosi. Alikaa nayo muda, akasema mjaribu muhula huu, wastani hautasomwa kwa majina ila nataka huo ukurasa mmoja. Nilitoka pale nimepona.

Testi iliyofuata tulisahihisha kwa swali, watatu, siku moja na nusu. Swali lililoumiza kuliko yote ni la seti. Darasa la watoto 40, 25 wanapenda ugali, 18 wanapenda wali, 6 hawapendi chochote, wangapi wanapenda vyote. Zaidi ya nusu ya watoto wameliacha wazi. Waliojaribu wengi waliandika 25 + 18 = 43 wakaishia hapo, hata hawakushtuka kwamba darasa lina watoto 40. Mwenzangu wa B akasema seti hawajaelewa tuirudie mada. Mimi nikakumbuka maneno ya bibi chaki kuhusu walioacha wazi, nikaomba siku moja. Nikachukua watoto 20 wa D walioliacha wazi nikawapa swali lile lile kwa Kiswahili. 13 walifika kwenye 9 wenyewe, wakachora na mchoro wa Venn. Kumbe seti wanaijua! Neno lile la Kiingereza la "wala hiki wala kile" na lile la "vyote viwili" ndo yaliyowafunga mlango. Nimefundisha seti miaka sita na nimekuwa nikiwaandikia "rudia mada" kwenye karatasi zao.

Tukamwomba mwalimu wa Kiingereza aje kwenye kikao cha JzU. Akatutengenezea orodha ya maneno kama 15 yanayojirudia kwenye maswali ya Hisabati, sasa yamebandikwa ukutani madarasa yote manne, na kila kipindi tunaanza na swali moja la maneno, mtoto analieleza kwa Kiswahili kwanza kabla hajagusa namba. Maswali mawili ya kupima tuliyotoa wiki iliyopita, walioacha wazi D walikuwa saba tu. Kupata sahihi bado, kama nusu hivi, ila wanajaribu, na nikiona walichoandika najua pa kuwashika.

Kingine ambacho sikukitegemea. Mkondo A wenye wastani mkubwa, swali la 8 la maumbo yanayofanana zaidi ya nusu walikuwa wameliacha wazi, na kwangu C walilifanya vizuri. Kwa wastani lisingeonekana hata siku moja, maana wanalipiza kwenye maswali mengine. Yule mwenzangu wa A hakusema kitu kwenye kikao. Jioni akanifuata nikiwa napanda baiskeli akaniuliza, we maumbo yanayofanana unawafundishaje? Tukarudi ofisini nikamwonyesha vile vipande vya boksi ninavyowakatia watoto wapime pande zake. Ameniomba nimkopeshe, anavyo mpaka leo.

Testi ya tatu ni wiki ya pili ya mwezi ujao, maswali tunatunga pamoja Alhamisi. Swali la seti mwenzangu wa A ameomba alisahihishe yeye. Mwenye maswali ya maneno ya kidato cha pili, hasa ya seti na ya faida na hasara, naomba anitumie inbox, nayaingiza kwenye kishikwambi watatu tuyapitie. Manila ya testi ya tatu nitaipiga picha niiweke hapa.

bibi_chaki

Nakutumia ya seti usiku huu ninayo 12. Hao saba wa D walioacha wazi usiwapime tena kwa karatasi, waite mmoja mmoja wakusomee swali kwa sauti. Utanipa majibu.